Mume wa Pauni 29,000

MJOMBA: Nikuulize swali rahisi. Ukimleta mtu nyumbani kwako, nani atamlisha? Serikali ya Uingereza haijakukataza kuolewa Mombasa, wala haijakwambia umwache mumeo. Imesema tu kwamba ukitaka kumleta huku, uonyeshe unapata pauni 29,000 kwa mwaka. Mimi ubaya wake siuoni.

MKE: Mjomba, mimi ni mlezi wa wazee hapa Leeds. Nafanya saa 37 na nusu kwa wiki. Kwa kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa, mwaka mzima napata kama pauni 23,810 kabla ya kukatwa kodi. Nyumba nalipia, mtoto anakula, na sina deni la mtu. Lakini kwa sheria hii mimi ni maskini mno hata sistahili kukaa na mume wangu.

MJOMBA: Kukaa naye hapa. Mombasa hakuna aliyekukataza.

WAKILI: Kabla hamjafika mbali, kanuni yenyewe ieleweke. Zamani wanandoa walitakiwa kuonyesha kwamba wataweza kujikimu, na kipimo kilikuwa cha chini, karibu sawa na fedha ambazo serikali humpa asiye na kipato. Tarehe 9 Julai 2012, Theresa May akiwa waziri wa mambo ya ndani, kikawekwa kiwango maalumu: pauni 18,600, na zaidi kwa kila mtoto asiye raia. Tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa hadi pauni 29,000, na nyongeza ya watoto ikafutwa. Kinachotazamwa ni kipato cha yule aliyeko Uingereza, raia au mwenye ukaazi. Ukitumia mshahara, unaleta hati za miezi 6 kwa mwajiri yuleyule, na kila hati ioane na taarifa ya benki.

MUME: Na cha huyu aliyeko Mombasa?

WAKILI: Mshahara wake wa huko hauhesabiwi.

MUME: Hata senti?

WAKILI: Kwenye ombi la kwanza, hata senti. Ukishaingia na kuanza kufanya kazi kihalali, wakati wa kuongeza muda wa viza mshahara wako nao utahesabiwa.

MUME: Basi mniruhusu niseme. Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu ni kutoa makontena bandarini. Pauni 29,000 ni kama shilingi milioni 5 za Kenya, sizipati, sitadanganya. Lakini mimi si mtu wa kuja kukaa kwenye kochi nisubiri mke arudi kazini. Karatasi zimeandikwa kana kwamba mke wangu ananunua mzigo, na mzigo hauulizwi unajua kazi gani.

MJOMBA: Mkwe wangu, hakuna aliyekuita mzigo. Lakini wangapi walikuja na maneno kama hayo, na mwaka wa pili bado wako kwenye kochi? Nimeendesha basi nchi hii zaidi ya miaka 30, nimewabeba wote. Wanaume wanaooa pasipoti wapo. Wasichana wetu wamelia. Nisiseme?

MKE: Sema, Mjomba, lakini kipimo hiki hakiwakamati hao. Msichana mwenye mshahara wa pauni 60,000 anaweza kumleta tapeli wake kesho. Mimi mwenye nikah ya 2021 na mtoto wa miaka mitatu nasubiri. Au mnaamini mapenzi ya tajiri ndiyo ya kweli?

MJOMBA: Sikusema inapima mapenzi. Tena hilo ndilo zuri lake! Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mpaka mwaka 1997 kulikuwa na kanuni ya lengo kuu la ndoa. Mume alitakiwa athibitishe kwamba hakuoa kwa lengo kuu la kuingia Uingereza. Utathibitishaje jambo ambalo halipo? Unakalishwa mbele ya afisa, anakuuliza mlijuana vipi, nani alitoa posa, kwa nini mkaishi kwake na si kwako. Jibu lako na la mkeo yakipishana kidogo, safari imekufa. Watu wa Bara Hindi ndio walioonja zaidi. Walipoifuta Juni 1997 watu walishangilia. Sasa mmepewa tarakimu. Ukiifikia umepita, hakuna wa kukutazama usoni akaamua. Na nyinyi mnataka turudi kwa afisa?

MKE: Nataka tarakimu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifikia. Ili nifike pauni 29,000 kwa mshahara wangu, nifanye karibu saa 46 kila wiki, mwaka mzima, bila likizo isiyolipwa. Shifti za ziada zilizobaki ni za usiku, na usiku shule ya chekechea imefungwa.

MJOMBA: Hapo ndipo mnaponichosha, kwa sababu hesabu mnaifanya nusu. Mwaka 2012 kiwango kilipowekwa, kima cha chini kilifika pauni 6.19 kwa saa. Zidisha kwa saa zako hizohizo: pauni 12,070 kwa mwaka. Kiwango kilikuwa 18,600. Yaani ulitakiwa uzidi kima cha chini kwa zaidi ya nusu yake. Kwa kima cha Aprili 2025, 23,810 kwa 29,000, ni nyongeza ya kama asilimia 22. Sheria mnayoiita kali imekuwa nyepesi kuliko ilipozaliwa.

(Mimi mwandishi hesabu hiyo nimeirudia kwa karatasi na kalamu. Ni sahihi, na katika mabishano yote ya jambo hili ndiyo hoja ninayoisikia mara chache kuliko zote.)

MKE: Umechagua mwaka ambao kanuni ilikuwa mbaya kupita kiasi, ukailinganisha na sasa. Chagua 2023. Mwaka ule kima cha chini kilikuwa pauni 10.42, na kwa saa zangu ni pauni 20,319. Kiwango bado kilikuwa 18,600. Ndiyo kusema kwa mwaka mmoja hivi, msafisha ofisi na mpishi wa shule na mlezi wa wazee, akifanya wiki nzima, aliweza kumleta mwenzake. Serikali ikaona. Desemba 2023 waziri wa mambo ya ndani, James Cleverly, akatangaza kwamba kitapanda hadi 38,700.

MJOMBA: Akarudi nyuma kabla mwezi haujaisha.

MKE: Akarudi hadi 29,000, na akaahidi ngazi mbili zaidi mpaka tufike kulekule. Watu walikimbilia kufunga ndoa na kutuma maombi kabla ya 11 Aprili kama wanaokimbilia feri ya mwisho Likoni. Mimi nilikuwa nafanya nusu wiki kwa sababu ya mtoto mdogo. Feri ikaniacha.

WAKILI: Ngazi hizo mbili serikali ya Labour ilizisimamisha baada ya uchaguzi wa Julai 2024, ikawapa kazi wataalamu wa Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji. Ripoti yao ilitoka Juni 2025. Walisema 38,700 haifai kwa familia, kwamba ni kiwango kilichokusudiwa wafanyakazi wenye ujuzi na huenda kikagongana na haki ya maisha ya familia. Wakatoa njia kadhaa. Ukitaka tu kwamba familia ijikimu bila kulazimika kuzidi kima cha chini, walisema, kiwango kati ya pauni 23,000 na 25,000 kinaweza kutosha. Hawakutaka kiongezwe kwa sababu ya watoto. Lakini kamati hushauri tu. Mpaka 2025 inakwisha, kiwango kilibaki 29,000.

MKE: Kwa 23,000 mimi ningekuwa nimepita.

MJOMBA: Na kwa 25,000 usingepita. Mstari ukiuweka popote, kuna atakayebaki nyuma yake kwa shilingi chache, na huyo ndiye atakayepigwa picha na magazeti. Swali langu la mwanzo halijajibiwa. Nani atamlisha?

MKE: Na mimi nakujibu: kwa sasa unatulisha wewe na walipa kodi wenzako. Naishi kama mama asiye na mwenza, kwa hiyo napata nyongeza ya Universal Credit, ruzuku ya serikali, kila mwezi. Mume wangu angekuwepo, angefanya kazi, kipato chake kingehesabiwa na nyongeza ingepungua au kukatwa kabisa. Angekaa na mtoto usiku, mimi ningechukua zile shifti. Mnasema mnalinda mfuko wa serikali, na huku mnaulazimisha utoe.

MJOMBA: Wakili, ni kweli?

WAKILI: Ni kweli. Tena mume akija, viza yake inaandikwa kwamba haruhusiwi kugusa benefiti. Halafu analipa kabla hajaingia. Kwa bei iliyoanza Aprili 2025, ombi kutoka nje lilikuwa pauni 1,938, na tozo ya huduma ya afya kwa viza ya miezi 33 ilikuwa pauni 3,105. Jumla 5,043. Hapo hujalipa mtihani wa Kiingereza wala kipimo cha kifua kikuu.

MUME: Shilingi laki nane na ushei. Halafu ninaambiwa nimekuja kula vya bure.

MJOMBA: Mkwe, tusidanganyane. Kukatazwa benefiti ni kwa miaka mitano. Baada ya hapo unapata ukaazi, na mlango unafunguka. Serikali haipigi hesabu ya mwaka wa kwanza, inapiga ya maisha. Na nyumba za halmashauri hazitoshi. Dada yangu huyu, mamake mkeo, alisubiri miaka. Nikimwambia jirani yangu Mwingereza kwamba tuongeze watu bila kuuliza wana nini, ataniambia nini?

MKE: Mwambie kwamba na mimi ni Mwingereza. Nimezaliwa hapa. Ni mkataba gani niliotia saini kwamba mshahara wangu ndio utakaoamua nikae na mume wangu wapi?

WAKILI: Hilo lilifika mahakamani. Julai 2013 jaji wa Mahakama Kuu alisema masharti yote yakijumlishwa yamepita kiasi. Mahakama ya Rufaa ikampinga mwaka uliofuata. Tarehe 22 Februari 2017, Mahakama ya Juu ikamaliza: serikali ina haki ya kuweka kiwango cha kipato, hata kama kitaleta shida kwa maelfu. Mzee, hapo umeshinda.

MJOMBA: Ahsante.

WAKILI: Ila mahakama hiyohiyo ilisema kanuni haikuzingatia ipasavyo maslahi ya mtoto, na ilikosea kuyafungia nje mapato mengine ya kuaminika. Kanuni zikarekebishwa Agosti 2017. Sasa mtu anaweza kuomba kwa hali ya pekee, akionyesha kwamba kukataliwa kutaleta madhara makali mno kwa familia. Akikubaliwa kwa njia hiyo, barabara ya ukaazi inakuwa miaka 10 badala ya 5, na ada zinalipwa kila mara viza inapoongezwa.

MJOMBA: Hata Marekani kuna kiwango. Kwa nini Uingereza tu ndiyo mkatili?

WAKILI: Kipo, asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Lakini Marekani mjomba anaweza kutia saini pamoja na mpwa wake, na kipato chake kikahesabiwa. Uingereza, saini yako haina kazi kwenye njia ya kawaida. Kanada, kwa sehemu kubwa, anayemleta mke au mume hawekewi kiwango cha kipato. Anaahidi kumtunza, na ahadi hiyo inamfunga kisheria.

MKIMBIZI: Mimi naomba kuingia. Nasikia mnasema “Mombasa hakuna aliyekukataza”. Mimi nimetoka Kivu. Niko Glasgow, nimekubaliwa kuwa mkimbizi. Bibi yangu na watoto wako Nakivale, kule Uganda. Zamani mkimbizi aliyekubaliwa alikuwa anaita familia yake bila ada na bila mambo ya mshahara. Tarehe 4 Septemba 2025 serikali ilisimamisha maombi mapya ya njia ile. Karatasi zangu zilikuwa bado hazijatumwa. Sasa naambiwa nipitie mlango wa huyu dada: pauni 29,000. Mimi napanga masanduku ghalani. Mzee, nirudi wapi?

MJOMBA: Wewe... Wewe habari yako ni nyingine.

MKIMBIZI: Mlango ni uleule.

MJOMBA: Basi hapo wamekosea. Nasema wazi. Mkimbizi hakuchagua. Lakini usinichanganyie. Mpwa wangu alichagua. Alijua mume yuko Mombasa, alijua sheria iko. Na Mombasa hakuna vita. Kuna kazi, kuna nyumba, kuna bahari. Mtoto ana babu na bibi kule. Kwa nini asirudi yeye?

MUME: Mjomba, hilo nilimwomba mimi mwenyewe.

MKE: Tusilifungue hapa.

MUME: Limeshafunguliwa. Nilimwambia, njoo tukae. Sina haja kubwa na baridi ya Leeds. Niliomba viza ya kutembea tu, nimwone mtoto wiki tatu. Wakanikatalia, wakasema nina mke huko kwa hiyo sitarudi. Nikasema basi njoo wewe. Sitaki kuishi na mtoto wangu ndani ya simu huku nikibishana na tarakimu.

MKE: Na mimi nilikwambia kwa nini siwezi. Mjomba, umeuliza kwa nini nisirudi. Mama alipata kiharusi mwaka juzi. Anayemwamsha ni mimi, anayemwogesha ni mimi, anayempa dawa kabla ya kazi na baada ya kazi ni mimi. Ni dada yako. Nikipanda ndege, nani atamwogesha?

MJOMBA: Watu wa halmashauri wapo.

MKE: Wanakuja dakika 15. Unawajua.

WAKILI: Dada, mamako anapata ruzuku ya ulemavu?

MKE: Anapata. Kwa nini?

WAKILI: Kwa sababu kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na huwa nalisema kwa shingo upande. Anayepokea posho ya mlezi, ile anayopewa mtu anayemtunza mgonjwa saa 35 au zaidi kwa wiki, hahitajiki kufikia pauni 29,000. Anapimwa kwa kipimo cha zamani, kwamba baada ya kulipa kodi ya nyumba, kinachobaki kinatosha familia yote kwa kiwango cha chini cha serikali. Lakini posho hiyo ina ukomo wa mshahara. Kuanzia Aprili 2025 ukomo huo ulikuwa pauni 196 kwa wiki baada ya makato.

MKE: Mshahara wangu ni zaidi ya mara mbili ya hiyo.

WAKILI: Ndiyo. Ungepunguza kazi.

MJOMBA: Ngoja. Ngoja kidogo. Unamwambia kwamba akifanya kazi wiki nzima na kulipa kodi hawezi kumleta mume, lakini akiiacha nusu ya kazi akapokea posho ya serikali, anaweza?

WAKILI: Kanuni ndivyo ilivyo. Iliwekwa kwa huruma, ili wanaolea wagonjwa wasifungiwe nje.

MJOMBA: Huruma gani inayomtoa mtu kazini!

MKE: Mjomba, ulisema tarakimu haimtazami mtu usoni.

MJOMBA: Nimesema, na sijafuta. Kosa la posho si kosa la kiwango. Mlango wa nyuma ukiwa mbovu, unautengeneza mlango wa nyuma, hubomoi ukuta. Na wewe usithubutu kuacha kazi. Nyumba ile ya wazee wakikupoteza watamleta nani? Walezi kutoka nje wamekatazwa kuajiriwa tangu Julai 2025.

MKE: Sitaki kuacha kazi. Nimefanya kozi mbili, mwakani naweza kuwa msimamizi wa zamu. Lakini mpaka hapo mtoto atakuwa amefika miaka mingapi? Nawaza usiku, nafanya hesabu. Nikipunguza kazi, mume anakuja na mimi narudi nyuma. Nisipopunguza, nasonga mbele peke yangu. Mume wangu anataka nichague Mombasa, wewe unataka nichague subira, na Mama hasemi kitu kwa sababu hawezi kusema vizuri, ila akimwona mkwewe kwenye simu analia.

MUME: Mimi sikukulazimisha uchague.

MKE: Hukunilazimisha. Unaniuliza kila Ijumaa.

MJOMBA: Wakili, njia nyingine haipo? Akiba haihesabiwi?

WAKILI: Inahesabiwa. Unachukua pengo, unazidisha kwa mbili na nusu, unaongeza pauni 16,000. Pengo lake ni 5,190. Mara mbili na nusu ni 12,975. Jumla awe na 28,975 kwenye akaunti. Asiye na mshahara kabisa anatakiwa awe na 88,500.

MKE: Kwa mshahara wa mlezi, karibu pauni elfu 29 za akiba. Tucheke au tulie?

MJOMBA: Na zikitoka kwa mtu mwingine? Ulisema saini yangu haina kazi. Pesa zangu je?

WAKILI: Mkopo hapana. Zawadi inakubalika, ilimradi zimekuwa zake, kwenye akaunti yake, miezi 6 kamili kabla ya ombi, na aeleze zilikotoka.

MKE: Mjomba, hapana. Hizo ni za paa la nyumba yako ya Kisauni.

MJOMBA: Sikukuuliza wewe. Paa lina miaka. Na msije mkasema nimebadili mawazo. Sheria naiunga mkono.

MKIMBIZI: Mzee, mimi sina mjomba huku.

MJOMBA: Nimekusikia.

MKE: Umemsikia, na bado unaiunga mkono?

MJOMBA: Naiunga mkono kwa watu wasio na vita nyuma yao. Kwake yeye waufungue ule mlango wake. Nimesema kitu kigumu?

MKE: Na mwenzangu wa zamu, Mwingereza mtupu, mumewe yuko Ghana, hana vita wala mjomba?

MJOMBA: Afanye nilivyofanya mimi. Nilifanya kazi mbili.

MKE: Wakati wewe unafanya kazi mbili, Mama ndiye aliyelala na wanao.

MJOMBA: ...Wakili, hiyo miezi 6 inaanza lini?

WAKILI: Siku pesa zinapoingia kwenye akaunti yake. Salio lisishuke chini ya kiasi hicho hata siku moja, hata kwa ajili ya karo au matanga. Na mjue jambo moja: kinachotumika ni kiwango cha siku ya kuomba. Kikibadilishwa mkiwa mwezi wa tano wa kusubiri, mtapiga hesabu upya.